Kadi ya Baba, Usukani wa Binti

 Kama uko barabarani na redio ya gari ndiyo inayokuletea sauti yangu, nina swali la kukuanzia: hilo gari unaloendesha, kadi yake ina jina la nani?

Najua wengi mtajibu nini. La mzee. La mama. Gari liko Dar es Salaam, kila asubuhi linapambana na foleni ya Kimara, na mwenye jina kwenye kadi yuko Moshi kwenye migomba yake. Au mama alinunua gari aina ya IST alipokuwa kazini, akastaafu, macho yakaanza kumsumbua usiku, gari akamwachia kijana wake wa miaka 27. Hakuna aliyeandikishana na mwenzake. Ufunguo ulikabidhiwa mezani baada ya chakula, mzee akasema "Litunze," kijana akaitikia, basi.

Hakuna kosa hapo. Sheria haimkatazi mzazi kumpa mwanawe gari aendeshe, na askari wa usalama barabarani akikusimamisha atataka leseni yako, si kadi yenye jina lako. Bima ataiangalia kwa namba ya gari. Siku hizi stika ni ya kielektroniki, namba ikiingizwa kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kampuni inaonekana na tarehe ya mwisho inaonekana. Askari anakurudishia leseni, unaendelea na safari. Mfumo umesema bima ipo. Haukusema kama bima hiyo inakujua wewe.

Jioni hii nataka tukae hapo kwenye kujulikana.

Bima ya gari ni mkataba. Upande mmoja kuna kampuni, upande wa pili kuna mtu, na mtu huyo ana jina. Kwenye mfano wetu ni baba. Mtoto si sehemu ya mkataba, hata kama ada ya bima ameilipa yeye kwa simu yake, mwaka wa tatu mfululizo. Kinachomwingiza mtoto ni maneno machache yaliyo ndani ya hati, maneno ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasoma kwa sababu hati yenyewe tuliiacha kwa wakala. Mikataba mingi ya magari binafsi hapa kwetu inasema gari limekingwa likiendeshwa na mkata bima, au na mtu mwingine yeyote anayeendesha kwa ruhusa yake, mradi awe na leseni halali ya gari la aina hiyo. Hapo ndipo mtoto anapopita. Anapita kwa ruhusa na leseni. Udugu haumo. Mbele ya kampuni, binti wa kumzaa na jirani aliyeazimwa gari wako sawa.

Kwa hiyo ukiniuliza, "Je, bima ya baba inanikinga mimi?" nitakujibu kwamba kwa kawaida ndiyo, kama unaendesha kwa ridhaa yake, leseni yako haijaisha, hukunywa, na gari linatumika kwa kazi iliyoandikwa kwenye bima. Lakini usiniamini mimi. Soma hati. Ipo mikataba inayotaja madereva kwa majina, na ipo inayomwongezea dereva kijana, au mwenye leseni changa, kile kiasi cha kujilipia mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa. Mawakala wanakiita eksesi. Ukigonga ukakuta eksesi yako ni kubwa kuliko ya mzee, hakuna aliyekuonea. Iliandikwa.

Sasa tuingie kwenye kesi, maana hapa ndipo mambo yanapopata utamu.

Uingereza, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, palikuwa na baba mmoja mwenye gari. Mwanawe alimwomba mama yake, si baba, alichukue gari awarudishe nyumbani wasichana wawili rafiki zake. Mama akakubali. Safarini gari likapata ajali, na abiria mmoja akafa. Familia ya marehemu ikamshitaki baba, kwa hoja ambayo hata wewe ungeitoa: gari ni lako, aliyeendesha ni mwanao, lipa. Kesi hiyo, Hewitt dhidi ya Bonvin, iliripotiwa mwaka 1940. Mahakama ya Rufani ikasema baba hawajibiki. Kumiliki gari hakutoshi, na kumzaa dereva hakutoshi. Mwenye gari anawajibika kwa uzembe wa dereva pale dereva anapoendesha kwa kazi ya mwenye gari au kwa niaba yake. Kijana huyu alikuwa kwenye shughuli zake mwenyewe, za wasichana wake.

Mwaka 1972 Baraza la Malordi, wakati huo mahakama ya juu kabisa huko, likarudia msimamo huohuo katika kesi ya mke aliyemiliki gari na mume aliyelitumia. Mume alilewa, akampa rafiki yake aendeshe, ikatokea ajali iliyomuua yeye na huyo rafiki, na abiria walioumia wakamgeukia mke. Jaji Lord Denning, huko Mahakama ya Rufani, alikuwa amejaribu kuweka kanuni kwamba gari la familia ni la familia, mwenye kadi ajibu. Malordi wakakataa. Sababu yao mojawapo inatuhusu sana jioni hii: kubadili nani anawajibika kunagusa mfumo mzima wa bima, na kazi hiyo ni ya Bunge.

Kwetu Afrika Mashariki ipo ngazi ya ziada. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, mwaka 1969, ilisema kwamba gari likisababisha madhara kwa uzembe, mahakama itaanza kwa kudhani kuwa aliyeliendesha ni mtu ambaye mwenye gari anamjibia, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Nchini Kenya mawakili wanainukuu hadi leo. Unaona maana yake kwa mzee wa Moshi? Aliyegongwa Dar es Salaam atatafuta jina kwenye usajili, atalikuta la mzee, na hati ya madai itapanda mlima kumfuata. Mzee ndiye atakayetakiwa kueleza kwamba binti yake, aliyekuwa anaendesha, alikuwa kwenye mambo yake. Na je, alikuwa kwenye mambo yake? Kama siku hiyo alikuwa amempakia shangazi kumpeleka hospitali ya Muhimbili kwa maagizo ya baba, au amekwenda stendi kupokea gunia la ndizi lililotumwa na mzee huyohuyo, hoja ya "mambo yake mwenyewe" inaanza kulegea. Mahakama za Uingereza ziliwahi kuamua, mwaka 1953, kwamba inatosha safari iwe kwa sehemu tu kwa ajili ya mwenye gari. Na familia gani ya Kiswahili ina safari isiyo na mzigo wa mtu?

Sasa fikiria upande wa pili. Tuseme mzee amefanikiwa, mahakama imesema hahusiki. Binti bado anahusika, kwa sababu ndiye aliyekuwa na usukani. Nani atamlipia? Hapo ndipo yale maneno ya "dereva yeyote mwenye ruhusa" yanapogeuka kuwa suala la kubaki au kutobaki na nyumba au shamba. Yakiwemo, kampuni inasimama kumlipa aliyeumia kwa niaba ya binti. Yasipokuwemo, binti amesimama peke yake. Nimesikia watu wakisema, "Aa, bima ni ya gari, si ya mtu." Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayouza viwanja vya watu.

Hapo hapo kuna swali la bima ipi. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye gari barabarani awe nayo, inawaangalia wengine mliowaumiza. Gari lenu haiangalii. Bima kubwa inaangalia vyote viwili. Kwa gari binafsi kiwango kilichozoeleka cha bima kubwa ni asilimia 3.5 ya thamani. Gari la shilingi milioni 20 linakupa 700,000, ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 826,000. Si hela ndogo, na ndiyo maana kuna mchezo mmoja wa kimya unaotokea kati ya mzazi na mtoto bila yeyote kukusudia.

Namba ya simu iliyoko kwenye faili la kampuni ni ya baba. Bima inapokaribia kuisha, ujumbe unakwenda kwa baba. Wakala anampigia baba. Baba, ambaye gari hajalipanda tangu Krismasi, anaambiwa bei ya bima kubwa, anashtuka, anauliza ya chini ni ipi. Anakata bima ndogo. Jioni anapigiwa na binti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Lile jambo la bima nimeshalimaliza, usihangaike."

"Asante sana baba, Mungu akubariki."

Binti hakuuliza bima ipi, maana kumhoji mzazi aliyekulipia ni utovu wa adabu. Baba hakueleza, maana kwake bima ni bima. Miezi sita baadaye binti anaingia mtaroni pale Mwenge, mbele kumebonyea hadi kwenye rejeta, anapiga simu kampuni akiwa na uhakika wote, na anaambiwa kwa upole kwamba hakuna kinachoweza kufanyika. Hapo hakuna aliyedanganya. Kuna heshima tu, na simu moja ambayo ingekuwa ndefu kwa dakika mbili.

Wale mnaotusikiliza mkiwa Uingereza, kwenu habari ni nyingine, na ningependa huku nyumbani waisikie. Kule bima ya kijana ni ghali mno. Kampuni zinapanga bei kwa umri wa dereva, miaka ya leseni, mahali gari linapolala. Basi wazazi wengine huandika kwamba wao ndio madereva wakuu na mtoto ni dereva wa mara mojamoja, wakati ukweli gari liko chuoni na mtoto wiki nzima. Ni udanganyifu unaojulikana, kampuni zinautafuta, na zikiugundua zinaweza kufuta bima kana kwamba haikuwahi kuwepo. Mzazi anabaki na doa linalomfuata kila anapoomba bima nyingine. Lakini angalau mtu unaelewa kwa nini walidanganya. Kuna mamia ya pauni katikati.

Hapa kwetu bei ya gari binafsi inapangwa hasa kwa thamani ya gari na matumizi yake. Kwamba anayeendesha ni baba wa miaka 66 au binti wa miaka 29, kwa kampuni nyingi ada haibadiliki, au inabadilika kidogo. Maana yake ni kwamba tunaficha bila kupata chochote. Kwenye fomu ya maombi ya bima kuna sehemu inayouliza nani ataendesha gari na gari litakaa wapi. Wakala anajaza "mwenyewe" na "Moshi" kwa sababu ndivyo kadi inavyosema na yeye ana haraka ya wateja wengine. Mzee anatia saini. Kanuni ya bima tuliyoirithi inamdai mkata bima aseme kila jambo muhimu analolijua, hata asipoulizwa. Sasa mmeandikisha jambo lisilo la kweli, bure kabisa, na mmempa mtu silaha ya kutumia dhidi yenu siku ya madai. Mimi hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Mwizi angalau anaondoka na kitu.

Na siku ya madai maswali yanarudi yote. Fomu ya madai inauliza dereva alikuwa nani, leseni yake ya lini, ana uhusiano gani na mwenye gari, alikuwa na ruhusa, alikuwa anakwenda wapi. Inaambatanishwa na ripoti ya polisi, ramani ya ajali, nakala ya leseni. Mthamini anakuja, anaangalia gari, anaangalia karatasi. Kilichofichwa kwenye fomu ya kwanza kinaonekana kwenye fomu ya pili, na kampuni inazo zote mbili mezani. Nisiwaonee watu wa bima: wengi wao wataona baba na mtoto, wataelewa, watalipa. Lakini dai likiwa kubwa, la mtu aliyevunjika mgongo, faili litapelekwa kwa mwanasheria, na mwanasheria kazi yake ni kusoma.

Kuna uongo mmoja ambao hapa kwetu una faida, na huo ndio hatari kweli. Kijana amepewa gari na mama. Mshahara hautoshi, au hakuna mshahara. Anajisajili kwenye taxi za mtandaoni, jioni na wikiendi anabeba abiria. Mama anajua nusunusu: "Mwanangu anajishughulisha." Bima ni ya gari binafsi, kwa sababu ya biashara ni ghali zaidi. Abiria anayelipa akiwa ndani, gari hilo limetoka nje ya bima yake. Sheria inamlinda aliyeumia kwa kiasi fulani, na kampuni inaweza kujikuta inamlipa, lakini ikishalipa inayo njia ya kumgeukia aliyevunja masharti adaiwe. Aliyevunja masharti kwa maandishi ni mama, mwenye saini. Kijana, kama unanisikia, mama yako aliweka saini akiamini unakwenda kazini na kurudi. Mwambie. Mbadilishe aina ya bima, na ongezeko lilipe wewe kwa hela ya abiria.

Mpakani watu wana akili zaidi, sijui kwa nini. Mtoto akitaka kupita Namanga na gari la baba, kila mtu anajua anahitaji barua ya mwenye gari ya kumruhusu, na anahitaji ile kadi ya njano ya COMESA ili bima imfuate nchi ya pili. Barua inaandikwa, inasainiwa, inapigwa mhuri kwa wakili. Wiki moja ya Nairobi inaandikiwa barua. Miaka minne ya Kimara haijaandikiwa hata mstari.

Nimebakiza lile ambalo hatupendi kulisema, nalo ni kifo. Baba amefariki, Mungu amrehemu. Gari linaendelea na foleni kama kawaida, stika haijaisha, tarehe inasoma vizuri kwenye mfumo. Lakini mkata bima hayupo, na ruhusa iliyokuwa inambeba dereva ilikuwa ya mtu aliyekuwa hai. Mali imeingia kwenye mirathi. Mwenye mamlaka juu ya gari sasa ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na mpaka apatikane hakuna wa kutoa ruhusa mpya. Kampuni iarifiwe mapema, si baada ya arobaini na si baada ya kugonga.

Hapo kuna waliojifunga zaidi ya wengine. Ni wale walionunua gari kwa mshahara wao wenyewe, wakaliandikisha kwa jina la mzazi. Mwingine alifanya hivyo kwa mapenzi, mwingine alikuwa anakwepa wadai, mwingine ndoa ilikuwa inayumba. Mzazi akiondoka, kadi inaongea peke yake. Gari ni la marehemu. Likiungua siku hiyo, fidia italipwa kwa mirathi, na mirathi ina ndugu watano. Utawaeleza kwamba risiti ya bandarini iko kwako, na huenda watakuelewa. Huenda. Hata wakati wa uhai wa mzazi mambo hayakuwa sawa, kwa sababu bima inamfidia mwenye kupata hasara, na kampuni ingeweza kuuliza huyu mzee amepoteza nini gari la mwanawe lilipoteketea. Gari likifa kabisa, kampuni inataka kadi halisi na saini ya mwenye jina ili ichukue mabaki, kwa hiyo hata fidia ikikubaliwa unasubiri saini ya mtu ambaye labda amelazwa.

Msimamo wangu mimi ni huu. Kama gari kwa kweli ni la mtoto, kadi ihamishwe TRA, Mamlaka ya Mapato, iwe ya mtoto. Kuna kodi ya uhamisho, kuna ada ya kadi mpya, kuna ushuru wa stempu, inauma kidogo, lipeni. Halafu mtoto akate bima yake kwa jina lake, kwa namba yake ya simu. Kumwambia mzazi "baba, naomba tuhamishe kadi" si kumwambia anazeeka. Kama mnaona aibu, mtumeni mjomba.

Na kama gari ni la mzazi kweli, mtoto analitumia tu, basi liacheni hivyo hivyo lakini iandikieni kampuni ya bima. Barua ya nusu ukurasa, kutoka kwa mwenye gari. Iseme: mimi fulani, mwenye gari namba kadhaa, nawaarifu kwamba gari hili linaendeshwa mara kwa mara na mwanangu fulani, mwenye leseni namba kadhaa, ambaye anaishi Dar es Salaam ambako gari ndiko linakolala, na linatumika kwa shughuli binafsi tu. Naomba mthibitishe kwa maandishi kwamba anakingwa na bima hii, na mtuarifu eksesi yake ni kiasi gani. Ujumbe wa kuhuisha bima utumwe pia kwa namba yake.

Barua hiyo isiende kwa wakala pekee. Ipelekeni ofisini kwa kampuni, nakala ipigwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, halafu nakala moja ikae Moshi na nyingine ikae ndani ya gari pamoja na jeki.